Jioni ya wahasibu Kisumu: nifanyeje wageni wafahamiane?

SWALI: Mimi ni mhasibu hapa Kisumu. Nimepewa kazi ya kuandaa jioni ya kuwakutanisha wahasibu na wenye biashara ndogo, watu 60. Mara iliyopita kila mtu aliketi na wenzake wa ofisini, tukasikiliza hotuba, tukala, tukatawanyika. Safari hii nimefikiria Ijumaa ya mwisho ya Juni, bustanini kando ya ziwa. Unanishauri nini?

JIBU: Dada, badilisha tarehe kwanza. Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya watu binafsi kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na wiki hiyo mhasibu hana nafasi hata ya kupokea simu. Jihadhari pia na tarehe 9 ya kila mwezi, siku ya mwisho ya PAYE (kodi ya mishahara), na tarehe 20, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Ijumaa jioni nayo itakunyima Waadventista, ambao ni wengi pande hizi za Nyanza, kwa kuwa Sabato yao huingia jua linapotua. Mimi ningechukua Jumatano au Alhamisi katikati ya Julai, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja, ili anayerudi Ahero au Maseno asihangaike na matatu. Bustani iwe na hema imara. Mvua za Kisumu hupenda kushuka alasiri na jioni.

Sasa ukumbi, na hapa ndipo ningetumia nguvu zangu zote. Meza ya watu kumi humfanya mgeni azungumze na jirani wawili tu. Panga meza 15 za watu wanne, uzipe namba, zifuatane kwa mzunguko. Kila mgeni apewe mlangoni kibandiko chenye jina lake kwa maandishi makubwa, pamoja na herufi A, B, C au D, watu 15 kwa kila herufi. Kila meza ianze na A mmoja, B mmoja, C mmoja na D mmoja. Mazungumzo yawe ya dakika nane, kisha kengele: A anabaki, B anasogea meza moja mbele, C meza mbili, D meza tatu. Fanya hivyo kwa raundi tano. Ukiongeza dakika mbili za kuhama kwa kila raundi, umemaliza kwa dakika 50, na kila mtu ameketi na wageni 15 bila kukutana na yeyote mara mbili.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba wenye herufi moja hawakutani kamwe. Basi wa ofisi moja wape herufi moja! Wazee na wasioweza kutembea sana wawe A. Wasiofika hawaharibu kitu, meza ya watatu inatosha.

Mgeni rasmi azungumze baada ya raundi, dakika tano. Ukimtanguliza, itifaki itameza saa nzima.

Chakula kiwe sambusa na mishikaki. Samaki mzima kwa ugali ni mtamu, lakini huwafunga watu mikono na kuwakalisha walipo. Omba ada ndogo mapema kwa M-Pesa. Aliyelipa huona uchungu kukosa.

Kuhusu orodha ya namba za simu, usiisambaze kwenye WhatsApp kiholela. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu, kwa hiyo weka mlangoni fomu fupi ambayo kila mgeni atatia alama akikubali namba yake ipewe wenzake, na asiyekubali umwache nje ya orodha.