Wasomaji Wanauliza: Matawi ya Msitu Yana Bei Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu kina msitu wa kupandwa uliokomaa. Mnunuzi wa magogo ameomba achukue pia matawi, vilele na majani yote yatakayobaki baada ya kukata, ayasage na kuyauza kwa mtambo wa kuzalisha joto. Anasema hiyo ni mali inayooza bure. Baadhi yetu wanaona ni fedha ya kuokota, wengine wanahofia ardhi itachoka. Tuipime vipi biashara hii? — Katibu wa kikundi cha wenye misitu

JIBU: Ndugu Katibu, wenzako wanaoihofia ardhi wana sababu za kutosha, ingawa hawalazimiki kuikataa biashara yenyewe. Wanachopaswa kubishania ni sehemu gani ya mti itoke msituni, na itoke lini.

Tuanze na fedha. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya kuni zilizokauka kabisa hutoa takriban megajuli 19 za joto, lakini kilo moja ya kuni mbichi zenye nusu maji hutoa kama megajuli 8 tu, kwa kuwa nusu ya kilo hiyo haiungui, na sehemu ya joto la nusu iliyobaki hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Kwa hiyo lori la matawi mabichi hulipiwa dizeli na dereva ili kusafirisha maji. Tena kuni zikisagwa hutanuka: gogo la mita 1 ya ujazo hujaza nafasi ya takriban mita 2.5 likiwa vipande vidogo, na nafasi iliyozidi ni hewa. Ndiyo maana umbali kutoka msituni hadi mtamboni huwa na uzito mkubwa katika hesabu, na mzigo unaolipa ukiwa karibu huleta hasara ukiwa mbali.

Gharama nyingine hazionekani kwa urahisi. Kuhamisha mashine ya kusagia kutoka msitu mmoja hadi mwingine hugharimu kiasi kilekile, uwe na mzigo wa siku moja au wa wiki nzima. Mashine ya kukatia nayo hutumia karibu muda uleule kuushika mti mwembamba kama inavyoushika mnene, na hivyo miti midogo inayoondolewa ili kuwapa wenzake nafasi mara nyingi huuzwa kwa bei isiyofikia gharama ya kuitoa. Matawi ya msitu uliokomaa yana unafuu kwa sababu moja: gogo limekwisha kulipia barabara na ukataji. Mwombeni mnunuzi aonyeshe hesabu ya matawi peke yake, nanyi mtajua kama anayataka kweli au anayatumia kulainisha bei ya magogo.

Sasa ardhi. Shina la mti kwa sehemu kubwa limejengwa kwa kaboni, oksijeni na haidrojeni, vitu ambavyo mti ulivipata hewani na majini. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambazo mti ulizinyonya udongoni, zimekolea zaidi katika majani, magome na vijiti vyembamba. Anayechukua shina peke yake huondoa mbao nyingi na rutuba kidogo. Anayechukua mti mzima pamoja na majani yake huongeza mzigo kwa kiasi cha wastani, lakini rutuba inayotoka yaweza kufika mara mbili au zaidi ya ile ya shina. Hasara hiyo haionekani katika mvuno huu. Huonekana katika ukuaji wa miti inayofuata, hasa kwenye udongo wa kichanga au ule uliokuwa na rutuba haba tangu awali. Mnunuzi anayesema matawi yanaoza bure anasahau kwamba huko kuoza ndiko kunakoilisha miche mtakayopanda.

Dawa yake haina gharama kubwa. Matawi yaachwe palepale yalipokatwa, katika marundo madogo, kwa miezi kadhaa ya kiangazi. Majani yatapukutika na kubaki msituni, na maji yatatoka. Mnunuzi atabeba mzigo mwepesi wenye joto zaidi kwa kila kilo, nanyi mtabaki na sehemu kubwa ya rutuba. Baada ya hapo msikubali yachukuliwe yote: miongozo ya misitu ya Finland hutaka takriban asilimia 30 ya mabaki yaachwe. Matawi hayo pia huwa zulia la kupitia mashine nzito, maana udongo mbichi ukishindiliwa na magurudumu unaweza kuchukua miaka mingi kurudi katika hali yake. Yanayoondoka nayo yasisagwe mapema. Rundo kubwa la vipande vibichi hupata moto wa ndani kutokana na bakteria na kuvu, hupoteza kuni taratibu, na mara nyingine huwaka lenyewe.

Ulizeni pia juu ya majivu. Majivu ya kuni safi hurudisha kalsiamu, potasiamu na fosforasi, lakini naitrojeni huwa imekwenda na moshi. Mtambo unaochanganya kuni na mbao zilizopakwa rangi au dawa msiupokelee majivu yake hata kwa bure, kwani huweza kubeba metali zenye sumu. Haya yote yaandikwe katika mkataba kabla mti wa kwanza haujaanguka.

SWALI: Katika takwimu za nishati, tungamotaka (kuni na mabaki ya mimea yanayochomwa kwa nishati) huandikwa kuwa haitoi hewa ya ukaa. Moshi ninauona kwa macho yangu. Nani anatudanganya? — Mwalimu wa sekondari

JIBU: Mwalimu, hakuna anayedanganya, ila hesabu imeandikwa katika madaftari mawili na wengi husoma moja. Kwa mwongozo wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, hewa ya ukaa itokanayo na kuni huhesabiwa upande wa ardhi na misitu, katika nchi mti ulikokatwa. Upande wa nishati huwekwa sifuri ili isihesabiwe mara mbili. Kuni zikivuka mpaka, nchi inayozichoma husoma sifuri, na mzigo hubaki kwa nchi iliyokata.

Kwenye bomba la moshi lenyewe, viwango vya kawaida vya IPCC huzipa kuni kilo 112 za hewa ya ukaa kwa kila gigajuli ya joto, makaa ya mawe ya kawaida takriban 95, na gesi asilia 56. Faida ya kuni basi haiko bombani. Hutegemea zingekuwaje kama zisingechomwa. Vijiti ambavyo vingeoza ndani ya miaka michache vingetoa kaboni yao hata hivyo, kwa hiyo deni lao la kaboni, yaani muda ambao hewani kuna kaboni ambayo isingekuwepo kama zisingechomwa, ni fupi. Mti mzima uliokatwa ukiwa hai ili uchomwe tu huacha deni linalosubiri mti mwingine ukue, na hiyo ni miongo kadhaa. Dizeli ya malori na mashine, ambayo watu hupenda kuinyooshea kidole, kwa kawaida huwa sawa na asilimia chache tu za nishati iliyomo katika kuni. Umoja wa Ulaya ulirekebisha sheria yake ya nishati jadidifu mwaka 2023, ukazuia ruzuku ya moja kwa moja kwa nishati itokanayo na magogo ya kupasulia mbao, visiki na mizizi.

SWALI: Na visiki, ving'olewe viuzwe? — Msomaji, mwenye shamba la miti

JIBU: Kwa kawaida, hapana. Kung'oa hupindua udongo na kuuacha wazi kwa mmomonyoko. Mchanga na mawe yaliyonata kwenye mizizi hutia butu visu vya mashine na kuongeza majivu. Na kwa kuwa kisiki huoza polepole, kukichoma huleta deni refu la kaboni kuliko vijiti. Viumbe nao wanakihitaji: nchini Finland, kati ya asilimia 20 na 25 ya spishi za msituni hutegemea miti iliyokufa.

Hali moja hubadilisha jibu langu. Pale kuvu wa kuozesha mizizi, kama Heterobasidion wa misonobari, ameenea katika shamba, kuondoa visiki vyenye ugonjwa hupunguza maambukizi kwa miti itakayopandwa. Hapo uamuzi ni wa afya ya miti, na mapato ya kuni yahesabiwe kuwa fidia ya sehemu ya gharama ya kung'oa.