Maswali ya Wasomaji: Kukichafuka Ng'ambo ya Horohoro

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Kenya, akivurugikiwa, sisi wa Tanga, Muheza na Mkinga tunaguswa wapi, na tufanye nini kabla hatujaguswa? Tumechagua nne.

SWALI: Nanunua machungwa mashambani nawapelekea wateja wangu soko la Kongowea, Mombasa. Kila ikifika Juni na Julai nasikia Kenya kuna maandamano, nashindwa kuamua nipakie au nisubiri. Mpaka wenyewe mbona haufungwi? *Mfanyabiashara, Muheza*

JIBU: Hilo la mpaka kutofungwa ndilo linalowaponza wengi. Lango la Horohoro kuwa wazi si sawa na njia kuwa wazi mpaka sokoni. Lori lako likishatoka Lunga Lunga linapita Ukunda, halafu lina njia mbili: kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Kongowea iko ng'ambo ya daraja la Nyali, kwa hiyo kwa vyovyote mzigo kwa kawaida hupita mjini, na mjini ndiko watu wanakoandamana na polisi wanakoweka vizuizi. Forodha wanakugongea mhuri vizuri kabisa, kisha machungwa yanalala Likoni.

Angalia tarehe. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokuwa wakipinga Muswada wa Fedha waliingia ndani ya Bunge jijini Nairobi, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kuuondoa. Watu walikufa, na siku hiyo haijasahaulika: mwaka 2025 maandamano yalirudi tarehe hiyo hiyo, yakafuatiwa na ya Saba Saba, 7 Julai, siku ambayo Wakenya wanakumbuka madai ya vyama vingi ya mwaka 1990. Zote mbili zinaangukia kwenye msimu wako. Zitie alama kwenye kalenda, na usiwe na gari njiani kuanzia siku mbili kabla hadi siku moja baada.

Bahati yako ni zao lenyewe. Chungwa haliendelei kuiva likishachumwa, lakini likiwa mtini linaweza kungoja wiki kadhaa bila kuharibika. Ghala lako ni mti. Zungumza na mkulima mapema, mpe kianzio, mkubaliane kuwa yatachumwa gari likishapatikana na njia ikishajulikana. Hasara ya kungoja ni nzi wa matunda na wezi. Kwa nzi, kila baada ya siku mbili tatu yaokotwe yaliyodondoka, yafukiwe kina cha nusu mita; yakiachwa chini ya mti funza wake wanakuwa nzi wa wiki zijazo.

Yakishachumwa, saa imeanza kuhesabu. Ule ukungu wa kijani hauingii kwenye ganda zima, unaingia penye mchubuko. Kwa hiyo yakatwe kwa mkasi na kuachwa kikonyo kifupi, yasivutwe. Umande ukauke kwanza. Na wapakiaji wasiyakanyage. Sakafuni mwa lori tandika viunzi vya mbao ili hewa ipite chini. Turubai lililofungwa mpaka chini pande zote huyapika, hasa gari likisimama juani. Utingo aambiwe mapema: tukikwama, turubai linapandishwa pembeni na gari linatafutiwa kivuli. Chungwa moja lililooza katikati ya rundo lenye joto hufuatwa na majirani zake ndani ya siku chache.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Tuseme umepeleka machungwa 30,000 na umeuza kwa shilingi 8 za Kenya kila moja. Hizo ni 240,000 za Kenya. Ukizibadilisha kwa 19.5 unapata 4,680,000 za kwetu. Ukizibadilisha kwa 18.5 unapata 4,440,000. Umepoteza shilingi 240,000 na hakuna chungwa lililooza. Kukiwa na fujo, hata kama thamani ya shilingi ya Kenya haijatikisika benki, wabadilishaji wa mpakani hupanua pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, kwa sababu hawajui kesho watampata mteja gani. Mwombe mnunuzi akutumie kwa benki au kwa simu, au piga bei kwa shilingi ya Tanzania tangu mwanzo.

Mzigo wa ukubwa huo, kwa kiwango cha shilingi 129 za Kenya kwa dola, haufiki dola 1,900. Bidhaa za Afrika Mashariki zilizomo kwenye orodha ya pamoja, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi cha uasilia, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani, ambacho hutolewa mpakani bila malipo. Hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea, huo uko palepale. Na tafuta mnunuzi wa pili kabla ya kivuko, Ukunda au Likoni, hata kama bei yake ni ya chini. Siku ya kukwama huyo ndiye atakayekuokoa.

SWALI: Mnazungumza habari za Kenya kama kwamba sisi hatuchafukiwi. Oktoba 2025 mteja wangu wa Mombasa alikaa siku kadhaa hajui mzigo wake uko wapi. Tujipangeje? *Muuza nazi na muhogo, Pongwe*

JIBU: Umesema kweli, na tunakushukuru kwa kulitaja. Siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikaanza kurudi 3 Novemba. Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na malori yakakwama mpaka wa Namanga. Safari ile jirani aliyeumia kwa machafuko ya mwenzake alikuwa Mkenya.

Fahamu kipi hufa na kipi hubaki. Nyaraka za forodha huingizwa kwenye mfumo kwa intaneti. Ikikatika, wakala wako amekaa tu. WhatsApp nayo imekufa, na wengi wetu siku hizi biashara nzima iko humo: picha za mzigo, namba za gari, makubaliano ya bei. Kinachobaki, mradi minara inafanya kazi, ni kupiga simu, ujumbe mfupi wa kawaida, na menyu za fedha za nyota na reli, kwa sababu hizo hazipiti kwenye bando la data. Hata hivyo wakala wa pesa naye huishiwa floti benki zikifungwa, kwa hiyo salio lako linaweza kuwepo na noti zisiwepo.

Kukiwa na uchaguzi au maandamano yaliyotangazwa, wakala aingize nyaraka siku tatu kabla. Chapisha nakala mbili, moja ya dereva na moja yako. Namba za simu za mnunuzi, wakala, dereva na mwenye gari ziandikwe kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Dereva apewe taslimu za kumtosha chakula na mafuta ya siku tatu, mbali na hela za safari. Na msikilizane mapema na mnunuzi ni nani anayebeba hasara mzigo ukiharibikia njiani. Nusu ya malipo kabla ya gari kuondoka Pongwe na nusu likifika ni utaratibu wa haki kwa wote wawili. Ugomvi mwingi wa baada ya fujo unatokana na jambo hilo kutosemwa.

SWALI: Ni kweli bomba la mafuta la Uganda lilikuja kwetu Chongoleani, linakoishia baharini, kwa sababu Kenya hapakuwa na usalama? *Mwanafunzi, Tanga mjini*

JIBU: Ilikuwa sababu mojawapo. Uganda ilikuwa imeshaipima njia ya kupitia kaskazini mwa Kenya hadi Lamu, na wasiwasi wa mashambulizi ya Al-Shabaab ulikuwa mezani. Gharama na urahisi wa kupata ardhi navyo vilipimwa, na Aprili 2016 Uganda ikatangaza njia ya Tanga. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Usidhani kwamba machafuko ya jirani ni faida tu, lakini. Mafuta yanatoka Hoima, na Hoima ikitikisika Chongoleani haina cha kupakia.

SWALI: Shangazi yangu kaolewa Vanga, na wajomba wako Shimoni, pwani ya Kenya. Kukitokea fujo huko wakavuka usiku kwa mashua, nikiwapokea nyumbani kwangu nitakuwa nimevunja sheria? *Msomaji, Moa*

JIBU: Ndugu, kumpokea mtu anayekimbia roho yake ni jambo la heri. Kosa linaweza kuja ukimficha. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, mbele ya ofisa anayehusika au hata mtendaji wa kijiji. Nao Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari na amejitokeza bila kuchelewa. Kuchelewa ndiko kunakoharibu.

Basi alfajiri ile ile nenda nao kwa mtendaji. Yaandikwe majina, umri, walikotoka, saa waliyotua na ufuo waliotulia. Omba nakala yenye mhuri. Kama yumo mtoto asiye na mzazi, aitwe ofisa ustawi wa jamii kabla mtoto hajachukuliwa na yeyote, hata anayejitambulisha kuwa jamaa.

Pwani hii imeshayaona haya kwa pande zote. Januari 2001, baada ya watu kupigwa risasi katika maandamano ya Pemba, watu wapatao 2,000 walipanda mashua wakatua Shimoni, na Kenya ikawapokea. Waliokimbia walikuwa Watanzania. Na baada ya Somalia kusambaratika mwaka 1991, wapo waliokuja Handeni wakiwa bado wanasema Kizigua, lugha ya mababu zao waliochukuliwa utumwani kutoka huku huku karne ya 19. Wakawekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mkuyu, baadaye Chogo, na wengi wao wakapewa uraia.

Jambo ambalo wenyeji husahau ni maji. Mwaka 2015 Warundi kwa maelfu walijazana Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka. Nyumba iliyozoea watu sita ikilaza kumi na wanane, choo na kisima vinazidiwa. Chemsha maji ya kunywa, au tia kidonge kimoja cha WaterGuard kwenye ndoo ya lita 20 na usubiri nusu saa. Maji yakiwa ya tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Choo cha dharura kichimbwe si chini ya mita 30 kutoka kisimani.

Na kwa kuwa sasa kuna utulivu, mwambie shangazi atafute pasipoti. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa kibali cha kukaa kama mgeni hadi miezi 6, na akipitia Horohoro na pasipoti yake mkononi atakuwa mgeni wako wa kawaida, bila kuhitaji kuomba hifadhi.