Maswali ya Wasomaji: Homa ya Ini C, Kingamwili na Kirusi

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninasoma Cairo. Kuna maandishi yanayosema mwaka 2008 Wamisri 15 katika kila 100 walikuwa na homa ya ini C, mengine yanasema 10. Nishike lipi? Na kwa nini Misri? Mimi pia kipimo cha haraka kimetoka chanya.
*Msomaji, Cairo*

JIBU: Marahaba. Shika yote mawili, maana yanahesabu vitu tofauti. Utafiti wa 2008 uliwapima watu wa miaka 15 hadi 59. Asilimia 14.7 walikuwa na kingamwili, yaani miili yao iliwahi kukutana na kirusi. Wenye kirusi chenyewe katika damu walikuwa asilimia 9.8. Wale wenye kingamwili lakini bila kirusi, wengi wao kinga ya mwili ilikimaliza kirusi bila dawa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea ndani ya miezi 6 ya kwanza. Kwa hiyo ukikutana na takwimu ya ugonjwa huu, tazama kwanza kilichopimwa, kisha umri wa waliopimwa.

Chanzo kikubwa cha Misri kilikuwa tiba ya kichocho. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa ile ya 1980, wanavijiji, hasa wa Delta ya Nile, walidungwa dawa yenye antimoni kwenye mshipa, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Bomba za kioo zilitoka kwa mgonjwa huyu kwenda kwa yule bila kuchemshwa vya kutosha. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989 tu, kwa hiyo wadungaji hao hawakuwa na namna ya kujua walichokuwa wakisambaza. Ndiyo sababu maambukizi ni mengi zaidi kwa wazee wa vijijini. Vidonge vya prazikwanteli viliziondoa sindano zile, lakini kirusi kilikuwa kimeshaenea na kikaendelea kupita kwenye vifaa vya tiba visivyotakaswa.

Misri haikukaa kimya. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 ilipima watu wazima karibu milioni 50, na wenye kingamwili walikuwa asilimia 4.6.

Sasa wewe: kipimo cha haraka hutafuta kingamwili tu, kwa hiyo chanya yake bado haikufanyi mgonjwa. Omba kipimo cha PCR, kinachotafuta kirusi. Kikionekana, dawa inayotumika sana ni sofosbuviri miligramu 400 na daklatasviri miligramu 60, mara moja kwa siku, wiki 12. Zaidi ya watu 95 katika 100 hupona. Kabla ya kuanza, pimwa homa ya ini B, kwa kuwa inaweza kuamka wakati C inatibiwa. Na kama unatumia rifampisini ya kifua kikuu, mwambie daktari mapema: hupunguza nguvu ya dawa hizi.

SWALI: Mama alimaliza dawa za homa ya ini C. Kipimo cha haraka bado ni chanya. Je, dawa zimeshindwa?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Kipimo hicho hakiwezi kukuambia. Kingamwili hubaki kwenye damu kwa miaka mingi hata kirusi kikiisha, na mara nyingi hubaki maisha yote. Mama apimwe PCR wiki 12 baada ya kumeza kidonge cha mwisho. Kirusi kisipoonekana, amepona. Ila kingamwili hizo hazimkingi, anaweza kuambukizwa tena, na chanjo ya C haipo. Ini lake likiwa lilishasinyaa, aendelee na kipimo cha ultrasaundi kila miezi 6 kwa sababu ya hatari ya saratani.