Jakuzi jipya linakuja Dodoma: andaa haya kabla gari halijafika

Mkuu, umeuliza utegemee nini jakuzi lako likiletwa hapo Iyumbu, na umesema muuzaji amekwambia uandae nafasi na soketi tu. Nina nyumba ya wageni upande wa Nzuguni na jakuzi liko nyuma ya vyumba, linafanya kazi hadi leo. Nakuomba usiishie kwenye maneno ya muuzaji. Siku ya kulipokea ni fupi sana, kazi kubwa unatakiwa uwe umeimaliza kabla yake.

Anza na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jakuzi la watu watano linabeba kama lita 1,300, lenyewe likiwa tupu lina kilo 300 hivi, ukijumlisha na watu wazima watano unakaribia tani mbili kwenye eneo la mita mbili kwa mbili. Pevingi haibebi mzigo huo, itabonyea upande mmoja, na maji yakishaegemea upande mmoja bodi zima linajikunja. Mwaga zege lenye nondo, unene usipungue sentimita 10, fundi aweke pima maji pande zote. Limwagilie hadi likomae, maana kwa jua na upepo wetu zege likikauka haraka linapasuka. Kama kiwanja chako kina ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, utoe kwanza, jaza moramu, shindilia.

Kuhusu umeme, kabla hujaita fundi soma kibati kilichobandikwa kwenye jakuzi, au muombe muuzaji akupigie picha. Umeme wetu ni volti 230, hertzi 50. Majakuzi mengi ya soko la Marekani yametengenezwa kwa hertzi 60. Pampu ya aina hiyo hapa inazunguka taratibu kuliko ilivyokusudiwa na inaweza kupata moto. Pia angalia ampea. Yapo madogo yanayokubali soketi ya ampea 13, lakini mengi ya ukubwa wako yanataka laini yake peke yake ya ampea 32, kutoka kwenye meini swichi, na waya wa shaba usiopungua milimita 6 za mraba, mnene zaidi kama ni mbali. Halafu hili usilifanyie ubahili: ethi ya uhakika, na ile breka inayokata mara moja umeme ukivuja, ya miliampea 30. Watu watakuwa wamekaa ndani ya maji. Tafuta fundi mwenye leseni, na umwone akiibonyeza breka hiyo kuijaribu mbele yako.

Sasa siku yenyewe. Uliza mapema na upate kwa maandishi: wanaleta hadi wapi? Dereva wa kwangu alishusha getini, akanipa karatasi nisaini, kwake kazi ikawa imeisha. Jakuzi husafirishwa likiwa limesimamishwa kwa ubavu, kwa hiyo geti na kichochoro viwe na zaidi ya mita moja upana, na juu pasiwe na waya wala bati linaloning'inia chini ya mita mbili na nusu. Sisi tuliweka mabomba ya plastiki ya inchi nne chini yake, vijana wanane wakalisukuma taratibu. Mmoja alikuwa anachukua bomba linalobaki nyuma na kulirudisha mbele. Kwenye zege tulitandika magodoro, tukalilaza hapo, kisha tukayavuta moja moja. Kabla hujasaini, fungua nailoni na ukague kona zote na kifuniko. Na usiliache tupu, wazi, juani. Jua la Dodoma mchana linaweza kuharibu akriliki, ile plastiki ngumu ya bodi.

Maji yaandae kwenye simtanki, usitegemee zamu ya mgao siku hiyo, au agiza boza. Jaza kwa kuingiza mpira kwenye tundu la filta, hivyo hewa inasukumwa nje ya mabomba. Ukiwasha ukasikia pampu inavuma lakini maji hayatoki, ni hewa imenaswa. Zima umeme, legeza kidogo ile yunioni (kiungio cha bomba cha kukaza na kulegeza) kubwa iliyo kwenye pampu, utasikia hewa inapuliza, matone yakianza kutoka kaza. Usifunge paneli za pembeni mpaka siku ya pili. Barabara kutoka Dar hadi huku ni ndefu, yunioni zinalegea njiani, na kivujo kidogo utakiona tu kama paneli ziko wazi.

Usiwaahidi wageni kuoga jioni ile ile. Hita ya kilowati 3 kupandisha lita 1,300 kutoka nyuzi 20 hadi 38 inachukua kama masaa tisa na uniti 27 za LUKU, hapo kifuniko kikiwa kimefungwa. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa usiku unapopiga, ukiliacha wazi hita haipumziki. Kifuniko kiwe na kufuli pia, kwa ajili ya watoto.

Maji ya visima vya huku ni magumu, yanaacha ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika, na hita ndiyo inayoumia. Nunua vipimo vya karatasi, pH (kipimo cha asidi ya maji) ikae kati ya 7.2 na 7.8, klorini miligramu 3 hadi 5 kwa lita (ppm), na uulize dawa ya kuzuia ukoko. Vumbi letu linaziba filta upesi, ioshe kila wiki. Ukibadilisha maji baada ya miezi mitatu hivi, acha kuweka klorini siku kadhaa na kifuniko kikiwa wazi, ukipima ikisoma sifuri mwagilia miti.

Weka hapa upana wa geti lako, picha ya kibati, na umbali kutoka mita hadi litakapokaa, nikuangalizie waya unaofaa.