Kuhusu dada yako na majaribio ya dawa ya kifafa

Ndugu, umeuliza iwapo dada yako mwenye kifafa akubali kushiriki majaribio ya dawa mpya hapa Nairobi, nawe wahofia kwamba huenda akapewa kidonge kisicho na dawa. Hofu yako ina msingi, lakini katika majaribio mengi ya kifafa mgonjwa huendelea kumeza dawa zake za kila siku, na ile mpya, au kidonge kitupu, huongezwa juu yake. Muulizeni mtafiti hilo kwanza. Dada asiache dawa zake ghafla bila maelekezo ya daktari wake, kwani anaweza kupatwa na kifafa kisichokatika.

Ombeni nakala ya fomu ya ridhaa, ya Kiswahili akipenda, mkaisome nyumbani, hasa ukurasa unaoeleza nani atagharamia matibabu akidhurika. Ulizeni pia idhini ya kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti) na, kwa kuwa ni dawa, kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Mtafiti anayeharakisha sahihi, mimi simwamini. Dada akikubali, bado anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.