Mimi ni wa masikio, mbona anatomia inanishinda?

*Shikamoo Daktari. Nasoma udaktari, mwaka wa pili, hapa Kisumu. Nilijaza dodoso kwenye simu likaniambia mimi hujifunza kwa masikio. Tangu hapo narekodi mihadhara na kuisikiliza kwenye matatu kutoka Kondele, asubuhi na jioni. Maabara ya anatomia naenda mara mojamoja. Nimepata alama 38, sasa nina sapu, yaani mtihani wa marudio. Je, huo si mtindo wangu? — Mwanafunzi, Kondele*

Marahaba, mwanangu. Alama hizo zinauma, najua.

Dodoso hilo pengine ni VARK, alilolitoa Neil Fleming wa New Zealand mwaka 1992: macho, masikio, kusoma na kuandika, vitendo. Kila mtu ana njia anayoipenda, hilo silikatai. Lakini mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipozipitia tafiti, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtu akifundishwa kwa mtindo wake ndipo hufaulu zaidi. Na mishipa ya fahamu utaisikiliza vipi? Lazima uione, uishike, uifuate kwa kidole.

Mimi pia nilifanya sapu ya anatomia mwaka wa pili. Nilikuwa mtu wa kusoma. Kitabu nilikipaka wino wa manjano kurasa nzima. Majina yote niliyajua, mradi niyaone yameandikwa. Mtahini alipoelekeza kijiti kwenye kwapa la maiti na kuuliza, “Huu ni upi?”, nikabaki kimya.

Dada yangu, aliyekuwa akiuza samaki Dunga, ndiye aliyeniokoa. Kila jioni alishika kitabu yeye, nami nikachora kwa mkaa ukutani jikoni mishipa ya fahamu ya mkono: mizizi 5 ya uti wa mgongo kuanzia C5 (shingoni) hadi T1 (juu ya kifua), vigogo 3, migawanyo 6, kamba 3, matawi 5. Hakuwa amesoma anatomia, ila picha aliweza kulinganisha. Wiki ya kwanza nilikwama kwenye kamba kila siku. Nikimwomba nichungulie, anakataa: “Chora kwanza, hata ukikosea.” Ukuta ule ulifutwa na kuchorwa hadi chokaa ikabanduka.

Baadaye nilielewa alichonifanyia. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima bila maandishi ndio waliokumbuka zaidi. Wewe ukishuka matatu unahisi umeelewa kwa sababu sauti bado iko masikioni.

Rekodi zako usizifute. Sikiliza dakika 10, zima, useme ulichosikia kwa maneno yako, na usiogope abiria. Maabara usikose tena hata siku moja. Tafuta mwenzako mwenye sapu kama wewe, mmoja aelekeze kijiti, mwingine ataje, kisha mbadilishane. Kesho anzeni na kwapa.