Kamera za Kisovieti: itumie kwanza, bisibisi baadaye

Kamera yangu ya kwanza ya aina ya FED-2 niliinunua Kharkiv, Ukraine, majira ya baridi ya 2015, kwenye gulio la Jumapili. Muuzaji alikuwa mzee aliyetandika blanketi juu ya theluji na kupanga vitu vyake: nishani, glasi za chai, simu ya mezani isiyo na waya, na kamera tatu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, Kirusi cha kubabaisha, vidole vimekufa ganzi. Alitaka hryvnia (fedha ya huko) 400, nikampa 300 nikaondoka mbiombio kabla hajabadili mawazo. Kufika hosteli nikafungua mgongo wa kamera: ile spuli inayopokea filamu haimo. Nikasubiri Jumapili nyingine, nikarudi. Mzee akanicheka, akaingiza mkono mfukoni, akatoa spuli, akaniuzia hryvnia 50. Mpaka leo sijajua kama aliitoa makusudi.

Tangu siku hiyo zimepita mikononi mwangu kamera kama kumi na nne za aina hiyo, nyingine nimerudi nazo Tanga. Kadhaa zimepona. Mbili nimeziua mwenyewe, na zote mbili zilikuwa zinafanya kazi kabla sijazigusa. Basi ushauri wangu wote umejaa hapo. Nyingi ya kamera zinazouzwa kama mbovu hazijafa, zina grisi iliyoganda na zimeshikwa na mtu asiyezijua. Anayezimaliza ni yule anayekuja na bisibisi kabla hajapiga nazo hata filamu moja.

Nizieleze kidogo, maana watu wanazichanganya. Hizi ni kamera za filamu ya milimita 35 zenye kipima umbali: ukichungulia kwenye kioo unaona picha mbili za kitu kimoja katikati, unazungusha lenzi mpaka zikutane. FED ilianza kutengenezwa Kharkiv mwaka 1934, katika jumuiya ya kazi ya watoto waliookotwa mitaani, chini ya mwalimu Anton Makarenko. Vijana hao walianza na drili za umeme, kisha wakaichambua Leica ya Ujerumani na kuinakili. Jina ni herufi za mwanzo za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa kwanza wa polisi wa siri wa Kisovieti. Nimeishi mji huo miaka na kulitamka jina hilo kila siku, nikidhani ni neno tu. Zorki ilifuata mwaka 1948 kutoka kiwanda cha KMZ, Krasnogorsk, karibu na Moscow. Kiev ina ukoo mwingine kabisa: baada ya vita Wasovieti walichukua mitambo ya kutengenezea kamera za Contax kutoka Ujerumani kama fidia, na kiwanda cha Arsenal kikaendelea na kamera ileile kwa jina jipya.

Ukiniuliza uanze na ipi, nitakwambia FED-2, bila kusita. Ilitengenezwa kuanzia 1955, mgongo wake wote unatoka kwa hiyo unaona kila kitu ndani, haina zile kasi za polepole za kupiga picha ambazo ndizo zinazosumbua, na madirisha ya kipima umbali chake yametengana sana, milimita 67, hivyo kinapima kwa usahihi mzuri. Zorki-4 ina kioo kikubwa na cheupe cha kuchungulia, nayo imetengenezwa kwa wingi mno, zaidi ya milioni moja na nusu, kwa hiyo vipuri si taabu. Ila madirisha yake yametengana milimita 38 tu. Nyingi zina namba ambayo tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa kutengenezwa, na hiyo inasaidia muuzaji akikwambia “ya enzi za Stalin” huku namba inaanza na 68. Kiev ni nzuri kuliko zote na uiache. Shata yake, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ni vipande vya shaba vilivyoshikiliwa na tepe nyembamba za hariri, na tepe ikikatika utamtafuta fundi usimpate.

Halafu kuna zile “Leica” za dhahabu zenye tai wa Kinazi. Ni FED au Zorki iliyovalishwa. Toa lenzi, tazama ndani juu: kwenye Leica halisi kile kidole kinachogusana na lenzi kina gurudumu dogo la duara, kwenye FED na Zorki ni kipande cha chuma chenye umbo la kabari. Kama unaipenda kwa urembo inunue, lakini kwa bei ya FED.

Sasa ukiwa mbele ya muuzaji. Toa mgongo, hakikisha spuli imo (unajua kwa nini nasema). Vuta shata, yaani zungusha kitufe cha kusogeza filamu mpaka kikwame. Kisha, na hapa naomba unisikilize, ndipo uchague kasi. Vuta kwanza, chagua kasi baadaye, siku zote, kwa kamera zote za FED na Zorki. Kisahani cha kasi huzunguka shata inapofyatuka na kuvutwa, na alama zake zinakuwa mahali pake baada ya kuvuta tu. Nilimwazima Zorki-4 jamaa yangu wa Mwanza tuliyekaa naye chumba kimoja, nikamweleza habari za filamu, mwanga, umbali, kila kitu isipokuwa hilo. Akageuza kisahani kabla ya kuvuta, kikagoma, akakilazimisha. Kipini cha ndani kikavunjika kwa sauti ndogo kama ya kuvunja kiberiti. Hiyo ni maiti ya kwanza, nami naihesabu yangu, si yake.

Baada ya kuvuta, weka kasi ya 500 (yaani 1/500 ya sekunde), elekeza kamera kwenye anga jeupe au ukuta wenye jua, tazama kutoka nyuma na ufyatue. Unatakiwa kuona fremu nzima ikimulika mara moja. Shata hizi ni mapazia mawili yanayofuatana: ukiona upande mmoja giza, pazia la pili linalikuta la kwanza njiani. Si kifo hicho, ni uchafu, ila punguza bei. Kisha toa lenzi, mulika tochi ya simu kwenye mapazia ukiwa mahali penye giza, na utazame upande wa pili kama kuna vinukta vya mwanga kama nyota. Mapazia hayo ni kitambaa chenye mpira, na mpira wa miaka sitini hupasuka.

Nyongeza moja iliyoniokolea fedha: Zorki-4 inayozunguka tu bila kushika, “haivuti”, mara nyingi imeachwa kwenye hali ya kurudisha filamu. Kuna kola inayozunguka kitufe cha kupigia. Izungushe kurudi, vuta tena. Niliwahi kununua moja kwa bei ya chupa mbili za bia kwa sababu hiyo, na muuzaji alikuwa amenihakikishia kwa huzuni kabisa kwamba haiponi.

Ukishafika nyumbani, piga filamu moja. Sisemi hivi kwa mapenzi. Filamu ndiyo itakayokuambia ugonjwa: picha zote laini ni lenzi au kipima umbali, weupe upande mmoja wa negativu ni mapazia, nukta nyeusi kwenye negativu mahali palepale kila fremu ni tundu kwenye pazia. Bila hiyo unafungua kamera kutafuta kitu usichokijua. Mwanga usikutishe: jua kali la saa sita, filamu ya ISO 100, tundu la lenzi la kuingiza mwanga kwenye namba 16 na kasi iliyo karibu na 100, utapata picha.

Mapazia mazito husafishwa kwa mafuta ya kujazia viberiti vya utambi, si petroli ya bodaboda, hiyo inaacha mabaki. Tone moja moja kwa sindano kwenye ncha za roli zinazobeba mapazia, mbali na kitambaa chenyewe, fyatua mara thelathini, acha ikauke. Ikishakauka weka mafuta ya cherehani, kiasi cha kubaki kwenye ncha ya pini, basi. Ile dawa ya kupuliza ya mafundi baiskeli isikaribie kamera. Itatembea mpaka kwenye mapazia na kwenye vioo. Na kuna kishawishi kimoja kikubwa: chini ya kamera utaziona skrubu za kukaza springi za mapazia, na ukizikaza kidogo shata nzito inachangamka papo hapo. Nilifanya hivyo. Ilifyatua vizuri miezi miwili, ikipambana na grisi ileile ya zamani, kisha tepe ya pazia ikang'oka. Hiyo ndiyo maiti ya pili.

Matundu madogo kwenye pazia yanazibika kwa rangi nyeusi ya kitambaa, ile inayobaki laini ikikauka. Paka nyembamba kwa brashi, pazia likiwa limenyooka, subiri siku nzima. Ukipaka nene pazia linakuwa gumu, halijiviringi.

Kuhusu skrubu, nilifundishwa na fundi saa mmoja hapa Tanga, mzee ambaye kibanda chake kina kiti kimoja na nusu. Nilimpelekea kamera iliyofunguliwa nusu, skrubu zote nimezimimina kwenye kikombe.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Hizi zinarudi wapi?”

Nikanyamaza. Akavuta trei la mayai kutoka chini ya meza, akaandika namba kwa kalamu kwenye vishimo, akaniambia nianze upya nyumbani kwangu: kila hatua kishimo chake, na kuunganisha ni kuhesabu kurudi nyuma. Tangu hapo situmii kitu kingine. Vifaa vya duka vyenye sumaku na vifuniko ninavyo, vinakaa kabatini.

Kipima umbali ndicho watu hukimbilia kwanza, na mpangilio wake ni huu: lenzi kwanza, kipima baadaye. Toa mgongo, bandika selotepu isiyong'aa kwenye reli ambazo filamu hupita, weka shata kwenye B uishikilie wazi, lenzi ikiwa wazi kabisa na imezungushwa mpaka alama ya mbali kabisa. Elekeza mnara wa simu ulio kilomita moja au zaidi. Kwa kioo cha kukuzia utaona mnara umesimama kichwa chini kwenye selotepu. Ukiwa mkali, lenzi ni nzima. Sasa ndipo uchungulie kwenye kioo: minara miwili ikikutana kuwa mmoja, usiguse chochote. Isipokutana kwa upande, mbele karibu na madirisha kuna skrubu ndogo ya kufunika. Itoe, ndani yake kuna nyingine, izungushe kidogo kidogo, robo ya robo. Isipokutana juu na chini, kinachozungushwa ni kioo cha dirisha dogo. Usianze na skrubu wakati kosa ni la lenzi. Utaipotosha kamera ili ikubaliane na lenzi moja mbovu.

Lenzi zenyewe ndiyo sababu wengi tunabaki na ugonjwa huu. Jupiter-8, milimita 50 yenye tundu la 2, ina damu ya Sonnar, lenzi ya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, na nyuso inazipiga kwa ulaini ambao simu inajaribu kuuigiza. Industar-61 ni kali zaidi na bei yake nafuu. Grisi yake ikiganda unazungusha kwa mikono miwili, na ukitaka kuibadilisha lazima utenganishe sehemu mbili za hesi, zile nyuzi zinazoisogeza lenzi mbele na nyuma. Hesi hizo zina milango mingi ya kuingilia, si mmoja kama parafujo. Kabla hazijaachana, fungua polepole, na pale zinapoachia kabisa kwaruza alama pande zote mbili, upige na picha kwa simu. Mimi sikuweka alama. Nilikaa usiku wa siku tatu nikijaribu mlango mmoja mmoja, nafunga, napima kwenye selotepu, nafungua.

Huku pwani adui ni ukungu. Unaota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na asidi yake inakula kioo, kwa hiyo ukisafishwa ukiwa umechelewa alama hubaki. Mkoba wa ngozi uliokuja na kamera, ule unaonukia historia, ndio nyumba ya ukungu. Uning'inize ukutani kama pambo. Kamera ikae kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya punje za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kila wiki itolewe ipigwe na upepo na mwanga kidogo. Mchele usiutumie, unaacha vumbi.

Na jua. Kamera hizi hazina kioo cha kuzuia mbele ya pazia kama zile kubwa za Zenit, ambazo ukichungulia unaona kupitia lenzi yenyewe. Lenzi ikitazama jua moja kwa moja ikiwa imewekwa kwenye umbali wa mbali kabisa, inafanya kile tulichofanya utotoni kwa kioo cha kukuzia na karatasi. Kharkiv nilitembea na kamera bila kofia ya lenzi miaka minne bila shida. Tanga niliiweka juu ya meza ya mgahawa ufukweni, imelala chali, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi palikuwa na harufu ya mpira ulioungua. Sasa kofia ya lenzi ina kamba, na kamba imefungwa kwenye mwili wa kamera.